Land Rover ya Shule: Kutoka Solihull hadi Nyashimo



Katika mkutano wetu uliopita, lilipofika shauri la hesabu za gari la shule, makelele yalizidi hata mwenyekiti akagonga meza mara tatu. Wako waliosema fedha zimeliwa. Wako waliosema hazikuliwa, bali zimetupwa. Wakati wa chakula Mhariri alinijia na sahani yake mkononi akaniomba niandike historia ya gari hilo tangu mwanzo, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale wanne tuliolishughulikia kwa mikono yetu, na kwa kuwa wanafunzi wa leo hulipanda pasipo kujua limetoka wapi. Nilikubali. Lakini natangulia kusema kwamba mimi si fundi. Kazi yangu ni ya mafaili, na elimu yangu ya chuo kikuu haikuwa ya vyuma. Yaliyo humu ni ya mtu aliyejifunza makenika uzeeni, kwa kukosea.

Wazee waliofundisha shuleni siku zile wasema gari lilifika mwaka 1976, jipya, rangi ya majivu. Ni Land Rover ya aina ya Series Three, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yenye injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1971 pale Solihull, Uingereza, ikaendelea hadi mwaka 1985.

Hapa yafaa niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep kuukuu ya Kimarekani katika shamba lake huko Anglesey. Vita vilikuwa vimekwisha, na spea za Jeep zilikuwa shida. Mwaka 1947 akaona kwamba kampuni yake yaweza kuunda gari la shamba la namna ileile. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesesi ya Jeep, likatiwa injini ya gari dogo la Rover. Gari lenyewe lilionyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa hiyo anayetucheka kwa kutia injini ya kigeni ndani ya Land Rover, akumbuke kwamba Land Rover ya kwanza kabisa ilikuwa ni chesesi ya huyu na injini ya yule. Na bodi yake ilifanywa ya aluminiamu kwa sababu chuma cha pua na mabati yalikuwa ya mgawo Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana bodi ya gari letu haikupata kutu hata leo, ilhali chesesi iliyo chini yake, ambayo ni ya chuma, tuliikuta imeliwa kama biskuti.

Gari hilo lilikuja katika miaka migumu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974. Mwezi Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa lilikuwa pigo la pekee, maana barabara ipitayo Nyashimo na Lamadi kwenda Musoma ndiyo iendayo Sirari, na kutoka Sirari ndiko Kenya. Spea iliyokuwa ikifika kwa siku mbili kutoka Nairobi sasa ilikuwa ya magendo au haipo. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya hapo ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Malori na mabasi ya watu yalichukuliwa kwenda mstari wa mbele, na nchi ikatoka vitani na ushindi na hazina tupu, wakati bei ya mafuta inapanda mara ya pili. Wazee watakumbuka petroli ya kibali, na magari ya binafsi kukatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana.

Katika hali hiyo ndipo mafundi wetu walipoanza kubadili injini, wala hawakufanya kwa mchezo. Land Rover ya petroli hunywa lita moja kwa kilomita tano au sita, na pungufu ya hapo ikiwa ndani ya matope. Injini ikifa, huna fedha za kigeni za kuagiza nyingine. Ukipata dizeli ya pikapu la Kijapani lililopinduka, waitia hiyo. Serikali nayo ilijaribu kwa namna yake. Jeshi lilianzisha kule Kibaha mradi ambao uliunda lori liitwalo Nyumbu, na shirika lake likasimamishwa rasmi mwaka 1985. Jirani zetu wa Kenya, kwa agizo la Rais Moi la mwaka 1986, walitengeneza magari matano yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa mwaka 1990. Kiwanda cha kuyazalisha hakikupata fedha, na shauri likaishia hapo. Huwa nawakumbuka watu wale kila nikisikia wanachama wenzetu wakishangaa kwamba kazi ya gari moja ilituchukua miaka mitatu.

Nirudi shuleni. Mimi niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1994. Wakati huo Land Rover ilikuwa haina stata. Iliwashwa kwa handeli, na kazi ya handeli ilikuwa adhabu ya wachelewaji. Ilibeba unga, kuni, maji, timu ya mpira na wagonjwa. Waliokuwa bweni moja nami hawatahitaji nieleze zaidi juu ya usiku mmoja wa masika ya mwaka 1995. Mwenzetu wa Kidato cha Pili alishikwa na malaria iliyopanda kichwani. Gari liliwaka, likaenda kama kilomita saba, likazimika katikati ya mbuga. Wasiokaa Usukumani waelewe kwamba mbuga kwetu si pori la wanyama tu. Ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka na masika huwa gundi. Ukiwa juu kwenye luseni, yaani mchanga, wapita. Ukishuka mbugani, wakaa. Kabureta ilikuwa imejaa maji. Tulikuwa vijana kumi na wawili, tukasukuma, kisha tukambeba mwenzetu kwenye kitanda cha kamba. Tulifika asubuhi. Yeye hakufika.

Mwaka uliofuata gari lilipandishwa juu ya mawe nyuma ya karakana, likakaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

Mwaka 2012 mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa, na Busega, iliyokuwa sehemu ya Magu, ikawa wilaya, makao yake makuu yakiwa Nyashimo. Baadaye nilihamishiwa huko kikazi. Nyashimo ni mji wa barabarani, na mji wa barabarani hauna upungufu wa mafundi. Katika mkutano wetu wa mwaka 2018 mmoja wetu alitoa shauri kwamba gari lile lifufuliwe. Palikuwa na ubishi. Wengine walitaka tununue gari dogo la mtumba kutoka Japani, lililo tayari. Sasa naweza kukiri kwamba kwa hesabu za fedha walikuwa na haki. Lakini wengi waliopiga kura ya kufufua walikuwa wa bweni letu, na sidhani kwamba walikuwa wakifikiri hesabu. Zilichangwa shilingi 6,400,000. Gari likavutwa kwa trekta hadi kwenye gereji moja ya Nyashimo, iliyo chini ya mwembe.

Sasa injini gani? Mmoja wetu, mwalimu wa fizikia, alishikilia Isuzu ya lori, ile 4BD1 ya lita 3.9. Alikuwa na hoja, kwani kule Australia Land Rover ziliuzwa na injini hiyohiyo kutoka kiwandani miaka ya 1980, na jeshi lao likaitumia miaka mingi. Lakini ni nzito mno kwa springi zetu za mbele, na nyingi zake hutumia umeme wa volti 24 badala ya 12. Tukaamua Toyota 3L, dizeli ya Hilux, sentimita za ujazo 2,779. Kila gereji kati ya Mwanza na Sirari yaijua, na mkanda wake wa taimingi wapatikana hata Lamadi.

Tuliinunua Mwanza, ya mtumba, bila kufunguliwa. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, na ndilo lililokula fedha nyingi kuliko yote. Muuzaji aliiwasha mbele yetu kwa dakika tano, ikanguruma vizuri, nasi tukafurahi. Tulipoifungua Nyashimo tukaona silinda hedi ina ufa kati ya vali mbili. Injini za jamaa hiyo zinajulikana kwa ugonjwa huo zikishachemshwa. Fundi alituambia baadaye, sisi hatukumwuliza kabla. Tuliporudi dukani tukaonyeshwa maandishi ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudi. Hedi nyingine ilitugharimu zaidi ya robo ya mchango wote.

Kosa la pili lataka maelezo, na vijana wanaosoma fizikia wasikilize. Injini ya Toyota haina matundu ya boliti yanayolingana na giaboksi ya Land Rover. Yahitaji sahani nene ya chuma katikati, upande mmoja imetobolewa Kitoyota na upande mwingine Kiland Rover. Kutoboa si kazi. Kazi ni kwamba shafti inayotoka kwenye giaboksi lazima ilenge katikati ya krankshafti ya injini sawasawa, maana ncha yake hukaa ndani ya kijibushi cha shaba mwishoni mwa krankshafti, na klachi hupanda juu ya shafti hiyohiyo. Vikipishana kidogo, basi kila mzunguko wapinda shafti mara moja; na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hizo ni mara 2,000 za kupindwa. Sisi tulipima kwa rula na kwa jicho. Mkerezaji alitoboa tulivyomwambia. Sahani ya klachi nayo tuliiunda, kwa kutoa kitovu cha ile ya Land Rover na kukipigilia ribiti kwenye ile ya Toyota, nayo hiyo ilifanya kazi vizuri, nashangaa hadi leo.

Desemba 2019 injini iliwaka ndani ya gari kwa mara ya kwanza. Watoto wa mtaa walipiga vigelegele. Tukaingiza gia, likatembea hadi barabarani, likarudi. Siku ya tatu sauti ikaanza, mfano wa mtu anayesaga karanga. Siku ya tano beringi ya mbele ya giaboksi ilikatika, na vipande vyake vikapita katikati ya meno.

Hapo ndipo wawili kati yetu wanne walipojitoa. Siwalaumu. Mmoja alikuwa ameweka ada ya mwanawe humo, akitarajia mchango wa pili ambao haukuja. Maneno ya kwamba fedha zimeliwa yalianza wakati huo.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa chuo cha ufundi, ambaye alikuja na saa ya kupimia, akaifunga kwenye flaiwili, akazungusha injini taratibu kwa mkono, nasi tukiangalia mshale unavyokwenda na kurudi. Tulikuwa tumekosea kwa zaidi ya nusu milimita. Alituambia kwamba nusu ya unene wa ukucha yatosha kuua giaboksi. Akatoboa sahani mpya, akaitia pini mbili za kuishika mahali pake, kwani boliti peke yake huachia nafasi. Hakutaka malipo ila nauli.

Tarehe 17 Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa ajili ya korona, na madarasa mengi hayakurudi hadi mwisho wa Juni. Katika miezi ile sisi wawili tuliobaki, pamoja na fundi, tulifanya kazi nyingi kuliko mwaka mzima uliopita. Sampu ya Toyota iligonga ekseli ya mbele. Tuliinua injini, boneti ikakataa kufunga. Tukaishusha, tukakata sampu na kuichomelea upya. Chesesi tuliitia viraka vya chuma pande zote mbili. Tangi tulilisafisha kwa kokoto na mafuta ya taa, kisha tukasahau kwamba dizeli yahitaji bomba la pili la kurudisha mafuta yanayozidi kwenye pampu, tukamwaga lita nane mchangani kabla ya kujua kulikoni.

Lakini la breki ndilo ninalotaka kila anayeota kubadili injini alisome. Injini ya petroli, inapovuta hewa kupitia kabureta, huacha ombwe, na breki za gari letu husaidiwa na ombwe hilo. Dizeli haina kitu hicho. Toyota waliweka pampu ndogo ya kunyonya hewa nyuma ya alteneta. Alteneta tuliyopewa haikuwa nayo, nasi hatukuona tofauti. Mwezi Agosti nilikuwa naendesha mimi, nikishuka kuelekea upande wa ziwa, nyuma kuna magunia matano ya mahindi na fundi amekaa juu yake. Nilikanyaga breki, pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Gari lilipunguza mwendo, lakini kwa hiari yake lenyewe. Nililiacha barabara nikaliegemeza kwenye kichuguu. Fundi alirushwa, akatua kwenye shamba la pamba, akasimama, akatembea kwenda kwao bila kusema neno. Alirudi baada ya siku nne. Alikuta alteneta mpya yenye pampu ipo mezani, na mimi nimeilipa mwenyewe. Haimo katika hesabu za chama.

Na nikishagusa hesabu, nizimalize. Jumla iliyotumika ni shilingi 9,150,000. Pengo kati ya hiyo na mchango tulilijaza sisi wawili. Laki tatu na nusu hazina stakabadhi, nazo ni malipo ya kuchomelea, kuvuta gari, na chakula cha vibarua. Mtunza hazina alikuwa na haki kuziuliza. Mchomeleaji wa chini ya mwembe haandiki stakabadhi, nami ambaye kila siku kazini nairudisha hati isiyo na kiambatisho, nilipaswa kuwa na daftari la kumsainisha. Sikuwa nalo.

Mwisho wa 2020 tulipeleka gari likaguliwe, maana injini ikibadilika ni lazima namba yake ibadilishwe kwenye kadi, la sivyo unaendesha gari ambalo kisheria si hilo. Tuliulizwa hati ya ununuzi wa injini, na ile ya dukani ilikuwa na namba iliyokosewa tarakimu moja. Hilo lilitupotezea miezi mitano. Vijana, mkinunua injini, someni namba iliyochongwa kwenye chuma, msisome karatasi.

Shule ilikabidhiwa gari Juni 2021. Kwa lita moja ya dizeli lakwenda kilomita tisa, au kumi kwenye lami. Kwa mbio msilitegemee. Kwenye kilomita 70 kwa saa injini yapiga kelele, kwa sababu difu za Land Rover ziliwekewa meno ya kuvuta, si ya kukimbia. Lakini mbugani laenda taratibu kama ng'ombe wa jembe, na maji hayalizimi, kwani halina plagi wala kabureta ya kulowana.

Masika ya 2022, saa saba usiku, Mkuu wa Shule alinipigia simu, si kwa kuomba ruhusa, bali kunijulisha. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alikuwa akilia kwa tumbo upande wa kulia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Sikulala tena. Saa tisa kasorobo dereva akapiga kwamba wamefika, na mtoto ameingizwa ndani. Alipasuliwa alfajiri. Mwaka jana alikuwa miongoni mwa waliotuandalia viti pale mkutanoni, na hakujua kwa nini baadhi ya wazee wa bweni letu walimsalimu kwa kumshika mkono muda mrefu namna ile.

Kwa sasa hali ya gari ni hii. Injini nzima. Breki nzuri. Chesesi itahitaji viraka vingine upande wa kushoto. Giaboksi ni ileile ya 1976, iliyokwisha kumeza vipande vya beringi kwa ujinga wetu, na tangu Novemba gia ya tatu haishiki. Dereva hutoka ya pili, hungoja kidogo injini ipande, akaingia ya nne moja kwa moja; abiria wakisikia mtikisiko huo wasiogope. Mwanachama yeyote ajuaye mahali ilipo giaboksi ya Series Three, hata kama imo ndani ya gari lililooza, na aniletee habari kabla ya mkutano ujao. Namba yake itasomwa kwenye chuma.